Ightham Mote: Jumba Lililookolewa na Udogo Wake

Uingereza haikosi majumba ya kutisha kwa ukubwa. Blenheim, Chatsworth na Castle Howard yalijengwa na watu waliotaka waonekane kutoka mbali, na mpaka leo yanaonekana. Ightham Mote ni jumba la namna nyingine. Limejikunyata bondeni katika jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa London, si mbali na mji wa Sevenoaks, na maji yamelizunguka pande zote nne. Halikuwahi kuwa makao ya mfalme wala ya mtawala mkubwa. Waliolimiliki walikuwa askari wa farasi, watumishi wa ikulu, mahakimu, wenye mashamba na, mwishoni, mfanyabiashara mmoja wa Kimarekani.

Hata hivyo, ni miongoni mwa majengo ya mwanzo kutajwa mtu anapotaka kujua jumba la kabaila wa Kiingereza lilikuwaje katika Zama za Kati. Sababu si ya kifahari. Wenye majumba makubwa walikuwa na fedha za kufuata fasheni: kila karne ilipoleta mtindo wake, walibomoa cha babu wakajenga chao. Wenye Ightham Mote waliongeza chumba huku, wakapanua dirisha kule, wakapigilia mbao juu ya ukuta uliokuwapo. Kwa kukosa ukwasi wa kuharibu, walihifadhi bila kukusudia.

Tangu 1985 jumba liko mikononi mwa National Trust, shirika la Kiingereza linalotunza ardhi na majengo ya kihistoria kwa faida ya umma. Kati ya 1989 na 2004 shirika hilo lililifanyia ukarabati uliogharimu zaidi ya pauni milioni 10, mkubwa kuliko wowote ambao lilikuwa limewahi kuufanya kwenye nyumba ya umri huo. Ukarabati huo hauwezi kueleweka bila kujua ni nini hasa kilichokuwa kikikarabatiwa.

Maji, mawe na mwaloni

Ujenzi ulianza yapata 1320, na sehemu kongwe zilizobaki ni za nusu ya kwanza ya karne ya 14. Mbao zenyewe zinatoa ushahidi. Mti huongeza pete moja kila mwaka, pana katika mwaka mzuri na nyembamba katika mwaka mbaya, na mfuatano huo ukilinganishwa na wa miti mingine ya eneo hilo unaonyesha boriti ilikatwa lini. Waliojenga walitumia walichokipata jirani: jiwe gumu la kijivu linalochimbwa Kent, na mwaloni wa misitu ya karibu. Matofali yalikuja baadaye.

Handaki la maji ni la mraba na lina madaraja matatu. Mtazamaji wa leo huliona akafikiria vita, lakini nyumba hii haikuwa ngome. Uingereza ya Zama za Kati ilikuwa na maelfu ya nyumba zenye handaki, nyingi za watu wa kati tu. Maji yalizuia wezi na mifugo, yalifuga samaki wa siku za kufunga, na zaidi ya yote yalitangaza hadhi. Mtu aliyeweza kuwalipa vibarua wachimbe handaki kuizunguka nyumba yake alikuwa mtu wa kuamkiwa kwa heshima.

Kiini cha nyumba kilikuwa ukumbi mkuu. Hapo ndipo bwana alipokula, alipoamua kesi za wapangaji wake na kupokea kodi zao. Yeye na familia yake walikaa upande wa juu, watumishi upande wa chini, na kila mtu alijua mahali pake kwa kuangalia umbali wake kutoka meza ya bwana. Nyuma ya meza hiyo palikuwa na kikanisa cha kwanza, chumba cha chini chenye dari la mawe, na vyumba viwili vya ghorofani ambako familia ilijitenga. Sehemu hizo zote bado zipo. Paa la ukumbi limebebwa na kenchi za mwaloni, na katikati tao la jiwe limekatiza chumba kizima kutoka ukuta hadi ukuta.

Mmiliki wa mwanzo anayefahamika vizuri ni Sir Thomas Cawne, askari wa karne ya 14. Kaburi lake liko katika kanisa la Mtakatifu Petro kijijini Ightham, na juu yake amelazwa kwa sanamu ya jiwe, amevaa deraya kamili. Baada yake jumba lilihamia kwa familia ya Haut kwa njia ya ndoa. Hao ndio walioufunga uwanja wa katikati kwa kuongeza majengo kila upande, wakasimamisha na mnara wa lango upande wa magharibi.

Kando ya lango hilo pana kitu ambacho mgeni hukipita bila kukiona: upenyo mwembamba katika ukuta wa mawe, umekatwa kwa mshazari. Mlinzi alisimama ndani na kumkagua aliyebisha hodi, avikague na vyeti vyake, kabla hajaamua kufungua. Kwa kuwa upenyo umepinda, aliye nje hawezi kuona ndani wala kupenyeza upanga.

Upenyo huo haukuzuia siasa. Mwaka 1483 Richard Haut alijiunga na uasi dhidi ya Mfalme Richard III. Uasi ulishindwa, mali yake ikatwaliwa, na jumba likapewa Sir Robert Brackenbury, mkuu wa ngome ya Tower of London na mtu wa karibu wa mfalme. Hakulifaidi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1485, aliuawa pamoja na bwana wake katika vita vya Bosworth, na kina Haut wakarudi kwao.

Dari la mtumishi wa mfalme

Mwaka 1521 jumba lilinunuliwa na Richard Clement, mtumishi wa ikulu ya Mfalme Henry VIII. Hakuwa wa ukoo mkubwa. Alipanda kwa kutumikia, na mtu wa namna hiyo hujua kwamba ngazi aliyoipandia inaweza kuondolewa wakati wowote. Alichokijenga Ightham Mote ni tangazo la utiifu.

Panda ghorofani upande wa kaskazini, uingie katika kikanisa kipya, kilichojengwa wakati wa Clement. Dari lake ni la mbao zilizokunjwa mviringo na kupakwa rangi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukilitazama kwa makini utaona alama zinazojirudia: waridi la ukoo wa Tudor, lango la chuma la kuteremshwa la kina Beaufort, ngome ya Castile na tita la mishale la Aragon. Hizo mbili za mwisho ni za malkia. Catherine wa Aragon alikuwa binti wa wafalme wa Hispania, na Clement alitaka kila anayepiga magoti hapo ajue kwamba mwenye nyumba anampenda mfalme na mke wa mfalme kwa kipimo kimoja. Katika vioo vya ukumbi mkuu pia aliweka waridi la Tudor na komamanga, tunda lililokuwa nembo ya malkia huyo.

Rangi hazikukaa sana kabla siasa hazijageuka. Mwaka 1533 Henry alimwacha Catherine akamwoa Anne Boleyn, ambaye kwao ni Hever, katika jimbo hilohilo la Kent. Katika majumba ya kifalme mafundi walipewa kazi ya kung'oa alama za malkia aliyeachwa na kuweka za mpya, na miaka mitatu baadaye wakazing'oa tena baada ya Anne kukatwa kichwa. Huku bondeni hakuna aliyepanda ngazi na kopo la rangi. Clement alifariki 1538, na alama za malkia aliyekataliwa zikabaki darini. Zimefifia sana, lakini bado zinasomeka.

Karne tatu za kina Selby

Mwaka 1591 jumba lilinunuliwa na Sir William Selby, wa familia iliyotoka kaskazini, mpakani na Scotland. Mpwa wake aliyemrithi, naye akiitwa William, alikuwa Berwick mwaka 1603 wakati James wa Scotland alipovuka mpaka kwenda kutawazwa mfalme wa Uingereza. Ndiye aliyemkabidhi funguo za mji, na mfalme akampa cheo cha Sir papo hapo.

Mke wake, Dame Dorothy Selby, amebaki na jina kubwa kuliko mumewe. Alisifika kwa kudarizi, na alipofariki 1641 alichongewa mnara wa kumbukumbu wa kifahari katika kanisa la kijiji. Maandishi yake yanagusia njama ya 1605 ya kulipua Bunge kwa baruti. Yaelekea yalikusudia darizi yake iliyoonyesha tukio hilo, lakini watu wa baadaye wakayasoma vingine: eti Dorothy ndiye aliyeandika barua ya siri iliyoifichua njama. Karne ya 19 ilipopenda mizuka, kikaongezwa kisa cha pili, kwamba aliadhibiwa kwa kujengewa ukutani akiwa hai. Hadithi hizo hazina msingi, ila ziliwaleta wageni, na mwaka 1972 mwandishi wa Kimarekani Anya Seton alichapisha riwaya, Green Darkness, iliyojengwa juu ya hekaya za jumba hili.

Kina Selby walikaa karibu miaka 300. Kwa muda huo wote familia zilizowazidi zilikuwa zikijenga kwa mtindo wa Kigiriki na Kirumi, kwa nguzo nyeupe na madirisha yaliyopangwa sawasawa. Wao walibadili ndani tu. Waliweka ngazi ya mbao ambayo nguzo yake ya mwanzo imechongwa kichwa cha Msaraseni, yaani Mwislamu wa enzi za Vita vya Msalaba kama Wazungu walivyomwazia. Ndiyo iliyokuwa nembo ya familia. Katika sebule ya ghorofani wakabandika karatasi za ukutani zilizochorwa kwa mkono China, ndege na maua juu ya ukuta wa nyumba ya kabaila wa karne ya 14. Katika miaka ya 1870 walimwita Richard Norman Shaw, mmoja wa wasanifu majengo waliosifika zaidi wakati huo, akarekebisha baadhi ya vyumba. Hata yeye hakugusa umbo la nyumba.

Kufikia hapo udogo ulikuwa umeanza kugeuka kuwa sifa. Viwanda vilikuwa vimejaza Uingereza moshi na reli, na watu wa mijini walianza kuyatamani majengo ya kale yaliyochakaa. Mwaka 1887 jumba lilipangishwa kwa Jenerali William Jackson Palmer, Mmarekani aliyetajirika kwa reli na aliyeanzisha mji wa Colorado Springs. Mkewe, Queen, aliligeuza kijiwe cha wasanii. Mwandishi Henry James alifika, mwigizaji Ellen Terry alifika, na mchoraji John Singer Sargent alichora hapo mchezo wa mipira nyasini mwaka 1889. Picha yake ya Elsie, binti wa Palmer, inatunzwa leo Colorado Springs.

Nyumba yenye joto na mabafu

Mwaka huohuo wa 1889 kina Selby waliuza. Mnunuzi alikuwa Thomas Colyer-Fergusson, naye ni wa kwanza katika orodha hii aliyelinunua kwa sababu lilikuwa kuukuu. Mwaka 1890 na 1891 alifanya matengenezo makubwa ambayo bila hayo pengine kusingekuwa na la kusimulia. Aliweka mabafu na mfumo wa kupasha nyumba joto, akalea humo watoto sita, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa anafungua milango kwa umma alasiri moja kila wiki.

Kumbukumbu yake inayopendwa zaidi iko uwanjani: banda la mbwa la mwaka 1891, la mbao, lenye paa la mteremko na ukubwa wa kibanda cha mlinzi. Lilijengwa kwa ajili ya Dido, mbwa wa aina ya St Bernard. Kwa kuwa jumba zima limo daraja la kwanza katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, na banda nalo limo. Ukitaka kulibadili banda hilo unahitaji kibali cha kisheria sawa na cha mwenye kutaka kulibadili jumba lenyewe.

Kumbukumbu nyingine imo katika kikanisa kipya, nayo ni msalaba wa mbao. Mtoto wa Thomas, Riversdale, alikuwa na miaka 21 alipouawa Ypres, Ubelgiji, tarehe 31 Julai 1917, baada ya kuongoza askari wachache kuteka handaki la Wajerumani na kuzima bunduki zao. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa. Kaka yake mkubwa, Max, aliuawa 1940 katika shambulio la ndege. Kwa hiyo Sir Thomas alipofariki 1951, mrithi alikuwa mjukuu, Sir James.

Mwaka wa mnada

Sir James alirithi nyumba yenye vyumba zaidi ya 70, paa linalovuja na gharama zisizobebeka. Hakuwa peke yake. Kodi ya mirathi ilikuwa imeanza kuwabana wenye ardhi tangu 1894. Vita viwili viliua warithi na kuondoa watumishi. Mashamba hayakuingiza kama zamani. Baada ya 1945 mamia ya majumba ya mashambani yalibomolewa kote Uingereza, kwa kasi ambayo umma uliitambua vizuri mwaka 1974, jumba la makumbusho la Victoria and Albert lilipoandaa maonyesho juu ya majumba yaliyotoweka.

Oktoba 1951 samani za Ightham Mote zilipigwa mnada kwa siku tatu. Kuhusu nyumba yenyewe yalitolewa mapendekezo mawili: igawanywe kuwa vyumba vya kupangisha, au ibomolewe ili risasi iliyoezekwa paani iuzwe kwa uzito. Miaka 600 ya historia ikawa inapimwa kwa bei ya chuma chakavu.

Walioizuia nyundo hawakuwa wakuu wala wataalamu. William Durling, John Goodwin na John Baldock, watu watatu wa eneo hilo, walichanga pauni 5,500 wakalinunua. Hawakuwa na mpango wa kuishi humo, wala fedha za kulikarabati. Walitaka tu kuvuta muda mpaka apatikane mtu. Udogo wa jumba ukalisaidia tena, maana hakuna watu watatu wa kijijini wangeweza kuchangia Blenheim.

Mtu alipatikana 1953. Charles Henry Robinson, mfanyabiashara wa Portland, Maine, alilinunua, akaziba palipovuja, akalipamba upya kwa samani za Kiingereza za karne ya 17. Kwa sababu za kodi aliweza kukaa humo wiki chache tu kila mwaka. Mwaka 1965 alitangaza kwamba atalitoa kwa National Trust pamoja na vilivyomo. Alipofariki 1985 majivu yake yaliwekwa ukutani, nje kidogo ya chumba cha chini chenye dari la mawe, na shirika likakabidhiwa funguo.

Mmiliki asiyekufa

National Trust ilianzishwa Januari 1895 na watu watatu: Octavia Hill, mpigania makazi bora ya maskini wa London, Robert Hunter, mwanasheria, na Hardwicke Rawnsley, kasisi. Shabaha yao ya kwanza ilikuwa maeneo ya wazi, vilima na fukwe ambako mfanyakazi wa mjini angepata pumzi. Majumba makubwa yaliingia baadaye, hasa baada ya sheria ya 1937 iliyowawezesha wenye majumba kuyakabidhi kwa shirika na kuepuka kodi ya mirathi. Octavia Hill mwenyewe alizikwa Crockham Hill, Kent, si mbali na Ightham.

Mali inayokabidhiwa kwa shirika na kutangazwa kuwa haiondolewi tena mikononi mwake haiwezi kuuzwa bila idhini ya Bunge. Kwa jumba kama hili hilo lilikuwa jambo jipya kabisa. Kila badiliko katika historia yake, liwe zuri au baya, lilitokana na mmiliki kufa, kuuza au kufukuzwa. Sasa lilipata mmiliki asiyekufa, naye alipofunua mbao za kwanza aliona deni aliloachiwa na wote waliomtangulia.

Mwaloni wake ulikuwa umebunguliwa. Adui alikuwa mdudu mdogo wa kahawia anayependa mbao ngumu, kuukuu na zenye unyevu. Funza wake huweza kutafuna ndani ya boriti kwa miaka kumi bila dalili nje. Akishakuwa mdudu kamili hugonga kichwa chake mbaoni ili amwite mwenzake, na zamani watu waliokesha na mgonjwa mahututi usiku wa kimya walisikia mlio huo wakadhani ni saa ya mauti inahesabu. Kwa jumba lililokaa ndani ya maji karne sita na nusu, mdudu huyo alikuwa amepata karamu. Hali ya hewa na umri vikamaliza kazi: boriti zilioza pale zilipoingia ukutani, mahali hasa panapobeba uzito.

Shirika lingeweza kuziba na kupaka rangi. Badala yake, kuanzia 1989, lilichukua njia ngumu: kulifumua jumba sehemu kwa sehemu, kurekodi kila kiungo kilivyotengenezwa, kukarabati, kisha kurudisha kila kipande mahali pake. Boriti iliyooza ncha haikutupwa. Seremala alikata palipooza tu, akaunga mwaloni mpya kwa kiungo cha kuchonga, nusu ya zamani na nusu ya leo zikabeba mzigo pamoja. Kuta za fito na lipu zilirudishwa kwa fito na lipu.

Na lipu hiyo ilikuwa ya chokaa. Mkazi wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hahitaji kuelezwa sana hapa, kwani nyumba za mawe za pwani zinafuata kanuni ileile. Ukuta wa kale hunyonya unyevu na kuutoa. Chokaa inauruhusu kupita, saruji inaufungia ndani. Ukuta wa chokaa uliofunikwa kwa saruji hupendeza miaka michache, kisha maji yaliyokwama hula mawe na boriti kutoka ndani. Tunaonyana kila siku juu ya ufa usiozibwa, lakini majengo mengi ya kale, kwao na kwetu, yameumizwa na ufa uliozibwa kwa kitu kisicho chake.

Mwaka upi?

Swali gumu zaidi halikuwa la useremala. Ukishalifumua jumba la miaka 700, unalirudisha katika mwaka upi? Karne ya 19 ilikuwa na jibu jepesi: chagua enzi unayoipenda, bomoa yaliyofuata, na jenga upya yaliyopotea kwa kubuni. Makanisa mengi ya Kiingereza yalitendewa hivyo, hadi William Morris na wenzake walipoanzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877, wakisisitiza kwamba kutengeneza ni wajibu lakini kughushi ni kosa. Jengo, kwa fikra hiyo, ni mali ya wote walioligusa, na fundi wa leo hana haki ya kumfuta wa jana.

Ightham Mote ilitoa mtihani wa fikra hiyo. Kadiri kuta zilivyofunguliwa, ndivyo yalivyojitokeza yaliyofunikwa: maumbo ya ujenzi na mapambo yaliyozibwa na nyongeza za baadaye. Kila ugunduzi ulikuwa kishawishi, kwa sababu ili kuonyesha cha karne ya 15 ilibidi kutoa cha karne ya 18. Mwelekeo ulioshika ulikuwa kuheshimu tabaka zote. Karatasi za China zilitunzwa ingawa hazina uhusiano na Zama za Kati. Vyumba vya wakati wa Malkia Victoria vilibaki vya wakati huo. Maktaba ya Robinson inaonyeshwa kama ya Mmarekani wa katikati ya karne ya 20, naye akahesabiwa mmiliki sawa na kina Haut na kina Selby.

Matokeo yake ni kwamba anayelizunguka leo hatembei katika enzi moja. Anaingia kwa lango la karne ya 15, anapita banda la mbwa la 1891, anasimama chini ya paa la karne ya 14 lililozungukwa na mbao za karne ya 19, anapanda ngazi ya kina Selby, anatazama juu kwenye dari la 1520 na kitu, kisha anatokea kwenye viti vya Robinson. Mtaalamu anayetaka usafi wa mtindo huenda akakereka. Lakini hivyo ndivyo nyumba zinavyoishi, na ni nyumba chache zinazoonyesha hilo kwa uwazi namna hii.

Ukarabati ulikamilika 2004, ingawa neno hilo halifai sana kwa jengo la chokaa na mwaloni. Lipu itahitaji kupigwa tena, handaki litahitaji kusafishwa, na yule mdudu hajatoweka. Fedha za kazi hizo zinatokana na wanachama, wafadhili na viingilio vya wageni, wale ambao Sir Thomas aliwafungulia alasiri moja kwa wiki.

Katika historia yote ya Ightham Mote, National Trust ndiyo mmiliki wa kwanza aliyekuwa na wataalamu, fedha na muda wa kuibadili nyumba yote kwa pamoja. Kina Selby hawakuweza; Clement hakuishi muda wa kutosha; wale watatu wa 1951 walikuwa na pauni 5,500 tu. Shirika liliweza, na kwa miaka 15 lilikuwa na jumba zima mikononi mwake, vipande vipande. Kwamba lilivirudisha vyote, pamoja na vile ambavyo lenyewe lisingevichagua, ndiyo kazi yake kubwa kuliko pauni zote milioni 10. Wamiliki wa zamani waliliacha jumba jinsi lilivyo kwa kukosa uwezo. Wa sasa analiacha kwa hiari, na itabidi afanye uamuzi huohuo kila kizazi kipya cha mafundi kitakapopandisha majukwaa yake ukutani.